Tunapimaje utendaji wa mwili kwa mgonjwa wa goti au nyonga, ikiwa hospitali haina ngazi wala korido ndefu?

Veranda_WestNile

Wakuu, salaam. Kliniki yetu ya viungo iko katika hospitali ya wilaya huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, jengo lisilo na ghorofa. Wengi wanaokuja ni watu wazima wenye osteoathritisi (kuchakaa kwa kiungo) ya goti, wachache ya nyonga. Mpaka sasa kwenye faili tunaandika "anatembea kwa shida" au "ana nafuu", basi. Mganga mkuu anataka namba zitakazoonyesha kama wiki 12 za mazoezi zinasaidia, na amependekeza turudie eksirei mwanzo na mwisho.

Tulivyo navyo: veranda ya saruji ya mita 17 kwa 2, viti vya plastiki vyenye mikono, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, futikamba na chaki. Ngazi hakuna, ila vidato 3 vya kuingilia wodini. Wagonjwa wengi hawasomi. Lugha ni Kilugbara na Kiswahili.

Nianze na vipimo gani, na ni makosa gani yanayoharibu namba? Na madodoso ya WOMAC na KOOS, yale ya kumuuliza mgonjwa kuhusu maumivu na shughuli zake, yanafaa kwa mtu anayeoga kwa beseni na kujisaidia kwenye choo cha shimo?

---

Gegedu

Ndugu, eksirei iacheni. Picha inaonyesha nafasi ya kiungo imebana kiasi gani na mfupa umeota vijiti au la. Daraja 0 hadi 4 za Kellgren na Lawrence, za ukali wa ugonjwa kwenye picha, zinatumika tangu 1957, lakini mtu wa daraja la 4 anaweza kwenda shambani na kurudi, na wa daraja la 2 akashindwa kuinuka mkekani. Isitoshe, wiki 12 za mazoezi hazibadilishi picha. Mtatumia fedha na mionzi kuthibitisha kwamba hakuna kilichobadilika, hata pale mgonjwa anapotembea vizuri zaidi.

OARSI, jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa osteoathritisi, ilitoa mwaka 2013 mapendekezo ya majaribio ya vitendo kwa nyonga na goti. Msingi ni matatu: kuinuka kitini kwa sekunde 30, kutembea haraka mita 40, na kupanda na kushuka ngazi. Ya ziada ni mawili: inuka-tembea-keti ya mita 3, na kutembea dakika 6. Anza na mawili ya kwanza. Veranda yako inatosha.

Kiti. Kikalio kiwe na kimo cha takriban sentimita 43, egemeo lililonyooka, kisiwe na mikono. Kiegemee ukuta. Mgonjwa aketi katikati ya kikalio, nyayo zote mbili sakafuni kwa upana wa mabega, nyuma kidogo ya magoti, mikono ikiwa imepishana kifuani. Mwonyeshe, kisha ajaribu mara moja au mbili. Ukisema "anza", saa inaanza pale pale, hata kama yeye bado anavuta pumzi. Kuinuka kamili ni nyonga na magoti kunyooka, kisha kuketi makalio yaguse kikalio. Sekunde 30 zikiisha akiwa amevuka nusu ya kuinuka, hiyo nayo inahesabiwa. Jaribio ni moja tu kwa siku, kwa sababu misuli ya paja huchoka na la pili litakudanganya. Asiyeweza kuinuka hata mara moja bila mikono anapata 0. Baada ya hapo mruhusu ashike mapaja au fimbo yake, na hesabu hiyo iandike kando kama matokeo ya jaribio lililorekebishwa.

Yanayoharibika hapa ni haya. Mgonjwa anaanza kusogeza mbele mguu unaouma na kuegemea ule usiouma, asionekane. Anashusha mikono akichoka. Anarudi chini bila kugusa kiti, au haunyooshi mwili juu na wewe unaendelea kuhesabu kwa huruma. Na mpimaji mmoja anashangilia "twende, twende!" wakati mwenzake yuko kimya. Chagueni: kimya kwa wote, au maneno yale yale kwa wote.

Mita 40. Piga mistari miwili ya chaki iliyoachana mita 10 kamili, weka koni au jerikani tupu mita 2 nje ya kila mstari. Jumla mita 14, veranda ina 17, una akiba. Mgonjwa anatembea haraka awezavyo kwa usalama bila kukimbia, anakwenda na kurudi mara mbili: vipande 4 vya mita 10. Saa inakwenda ndani ya mistari tu. Akivuka mstari wa mwisho isimamishe, anapozunguka koni haihesabu, akivuka tena mstari kuingia iwashe. Usiifute, iache ijumlishe. Mwisho gawa 40 kwa sekunde.

Kugeuka ndiko kunakoharibu rekodi nyingi. Tuseme vipande ni sekunde 7.9, 8.2, 8.1 na 8.4: jumla 32.6, kasi mita 1.23 kwa sekunde. Mwenzako akiiacha saa iende wakati wa kugeuka, na kila kona ikachukua sekunde 2.5, kona 3 zinaongeza 7.5, jumla inakuwa 40.1 na kasi karibu mita 1.00. Mgonjwa yule yule, siku ile ile, amepoteza 0.23 kwa kidole cha mpimaji. Tofauti ya ukubwa huo ndiyo tunayoitafuta baada ya miezi mitatu ya mazoezi!

Tembea nyuma yake kidogo, si ubavuni. Ukiwa ubavuni unamwekea mwendo. Na zima kujifunga kwa skrini ya simu kabla hujaanza.

---

FutiKamba

Viti vya plastiki visiingie humo kabisa. Miguu yake hutanuka mtu mzito akijitupa, huteleza kwenye saruji laini, na kikalio hudidimia kwa sentimita moja au mbili, kila kiti na didimio lake. Mikono ya kiti nayo ni kishawishi. Mpe fundi seremala kazi ya kiti kimoja cha mbao ngumu, kikalio bapa cha sentimita 43, bila mto. Kipige alama ya rangi chini na kiandike KUPIMIA, la sivyo kesho utakikuta kwa mhasibu.

Kwa nini nashupaa na sentimita? Kiti kikiwa chini zaidi, goti linakunjika zaidi na paja linadaiwa nguvu zaidi kunyanyua uzito ule ule. Mgonjwa aliyepimwa mara ya kwanza kwenye kiti kifupi na mara ya pili kwenye kirefu atakuwa "amepona" bila mazoezi yoyote.

Kitu kingine: veranda nyingi hujengwa na mteremko kuelekea uani ili maji ya mvua yatoke. Mteremko wa upande unamsumbua mwenye nyonga mbovu kuliko unavyodhani. Mwaga maji kidogo uone yanakimbilia wapi. Na mvua ikinyesha, ahirisha.

---

Nyayo_Mbale

Naomba kupingana kidogo. Kwa hospitali isiyo na watu wa kutosha, inuka-tembea-keti peke yake ingetosha: kiti chenye mikono, mstari mita 3 mbele, anainuka, anakwenda kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi, anaketi. Dakika mbili umemaliza. Ni jaribio la tangu 1991, kila mwanafunzi wa fiziotherapia analijua.

Kuhusu ngazi, vidato 3 si kitu. OARSI wanapendelea takriban vidato 9 vya sentimita 20 vyenye reli ya kushikia. Kwa vidato 3 mtu anamaliza kwa sekunde chache mno, na kuchelewa kwa kidole chako kunakuwa sehemu kubwa ya jibu. Wala usimzungushe mara tatu ili zifike 9. Hapo unapima kugeuka. Kama shule au kanisa la jirani lina ngazi nzuri na wanakubali, pima kimo cha kila kidato, hesabu idadi, andika kama kuna reli na iko upande gani, kisha tumia hiyo hiyo siku zote. Saa inaanza kwa "anza" na kusimama nyayo zote mbili zikirudi chini. Andika alishika reli au hakushika, alipanda mguu kwa mguu au aliweka miguu yote miwili kwenye kila kidato.

---

Gegedu

Mwalimu Nyayo, kwenye ngazi tuko pamoja. Isipopatikana, kwenye fomu iandikwe "haikufanyika", si 0. Sufuri ni matokeo. Pengo si matokeo.

Kwenye inuka-tembea-keti siafiki. Ndani ya sekunde kumi na kitu umechanganya kuinuka, kutembea, kugeuka na kuketi. Namba ikibadilika hujui ni kipi kimebadilika, na mwenye goti la wastani anaimaliza upesi kiasi kwamba hana nafasi ya kuonyesha nafuu. Ni nzuri kwa kuchuja hatari ya kuanguka: sekunde 12 au zaidi kwa mzee ni onyo. Kama una dakika mbili tu, ni heri kiti cha sekunde 30.

Na kabla hamjaanza jaribio la kupima sekunde za kuinuka mara 5, kama wengine wanavyofanya: asiyeweza kumaliza mara 5 anabaki bila namba yoyote. Kwenye sekunde 30 hata anayeinuka mara 2 ana alama yake.

---

Dodoso_Mkononi

Dada au kaka Veranda, nijibu la madodoso.

WOMAC ina maswali 24: maumivu 5, ukakamavu 2, utendaji 17. Kila jibu ni 0 hadi 4, kwa hiyo utendaji ni 0 hadi 68 na namba kubwa ni mbaya. Ina mwenyewe, na matumizi yake yanahitaji leseni. KOOS ya goti ina maswali 42 katika makundi matano, HOOS ya nyonga ina 40, na hizo hazina malipo. Maswali 17 ya shughuli za kila siku ni yale yale ya WOMAC, lakini alama zimegeuzwa: 100 ni mzima, 0 ni hoi. Hapa watu hukosea kila leo, wanaweka WOMAC na KOOS kwenye jedwali moja kisha wanashangaa mgonjwa anapanda huku anashuka.

Hesabu: chukua wastani wa majibu ya kundi, zidisha kwa 25, toa kutoka 100. Maswali 17 yakijumlisha 34, wastani ni 2, alama ni 50. Angalau nusu ya maswali ya kundi iwe imejibiwa, vinginevyo kundi hilo halina alama.

Sasa beseni na choo. Swali linauliza kuingia na kutoka kwenye bafu la kulala, kuvaa na kuvua soksi, kuketi na kuinuka kwenye choo cha kukalia, kuingia na kutoka kwenye gari. Kishawishi ni kubadilisha "choo" kiwe kuchuchumaa kwenye choo cha shimo, kwa sababu hilo ndilo linalowatesa. Usifanye hivyo ndani ya dodoso. Kuchuchumaa kunakunja goti hadi mwisho wake. Swali litakuwa gumu zaidi kuliko la asili, na alama zako hazitalingana tena na za mtu yeyote, hata za kliniki ya jirani. Asiyetumia kitu hicho, acha wazi na weka alama "hahusiki".

Yanayomuuma hasa yape kipimo chake. Kipo kinachoitwa PSFS, cha 1995, hakina gharama na hakihitaji karatasi ndefu. Mgonjwa mwenyewe anataja shughuli 3 hadi 5 zinazomshinda, kila moja anaipa 0 (siwezi kabisa) hadi 10 (kama zamani). Utapata kuchuchumaa chooni, kulima kwa jembe, kupiga magoti kusalimia wakubwa, kubeba jerikani ya lita 20 kutoka kisimani, kupanda boda, kusujudu. Ziandike kwa maneno yake, na wiki ya 12 umsomee zile zile. Usimruhusu abadilishe orodha katikati. Wastani ukisogea 2, au shughuli moja ikisogea 3, ndipo unaweza kusema kuna badiliko zaidi ya kuyumba kwa kipimo.

Kwa wasiosoma, msomee, lakini msomaji awe mmoja mwanzo na mwisho, na jamaa wasijibu kwa niaba yake. Mkwe akiwa amesimama hapo, mama hatasema choo kinamshinda.

Na neno "nyonga" lichunguzeni. Ukimuuliza mtu "nyonga inauma?" anaweza kushika kiuno au tako. Maumivu ya kiungo cha nyonga mara nyingi yako kinenani, na yanaweza kushuka mpaka gotini, mtu akaletwa kwa ugonjwa wa goti. Mwambie aweke kidole panapouma kabla hujachagua dodoso. Kadhalika "mguu": kwa wengine ni kuanzia nyonga hadi kidole. Tafsiri ya Kilugbara wafanye watu wawili kila mmoja peke yake, wakubaliane, kisha mwingine asiyeliona dodoso la asili airudishe lugha ya kwanza. Ikitoka tofauti, swali hilo bado.

---

FutiKamba

Nyongeza ya mavazi: gomesi, lile vazi refu la wanawake, huficha magoti, hujui kama amenyooka, na pindo hukanyagwa kwenye ngazi. Aje na nguo ya kumwezesha kutembea, au apandishe pindo na kulifunga, lakini iwe hivyo hivyo mara zote mbili. Viatu vivyo hivyo. Ndala mara ya kwanza na raba mara ya pili ni majaribio mawili tofauti.

---

Veranda_WestNile

Asanteni sana, mmenifungua macho. Naomba msaada wa kusoma namba. Tuchukue mfano: mgonjwa wa goti, kiti 8 mara ya kwanza na 9 wiki ya 12. Kasi ya mita 40 kutoka 1.02 hadi 1.25. KOOS ya shughuli za kila siku kutoka 41 hadi 62. Je, amepata nafuu au la? Kiti kinasema hapana, dodoso linasema ndiyo sana.

---

Takwimu_Jinja

Soma kila moja kwa kosa lake la kipimo, yaani namba huyumba kiasi gani hata mgonjwa asipobadilika. Kiti: 8 hadi 9 ni tofauti ya 1. Kwa wagonjwa wa nyonga, nafuu kubwa yenye maana ilikadiriwa kuwa 2 hadi 2.6, na kuyumba kwa jaribio lenyewe kunaweza kufika 2 au 3. Andika "hakuna badiliko la uhakika", usiandike "ameongezeka asilimia 12.5". Kasi: 0.23 iko ndani ya 0.2 hadi 0.3 iliyokadiriwa kwa wagonjwa hao hao wa nyonga, ingawa kwa mwendo wa kujichagulia. Inatia moyo, mradi kona hazikuhesabiwa mara ya kwanza. KOOS: watu hutumia 8 hadi 10 kama kiwango cha chini cha badiliko linalohisiwa, na hapa kuna 21.

Majibu hayo hayapingani. Dodoso linabeba maumivu ndani yake: ukimuuliza ugumu wa kupanda ngazi, anakujibu pia jinsi inavyouma. Maumivu yakipungua, alama hupanda hata kama paja halijapata nguvu. Jambo hili huonekana wazi baada ya kubadilishiwa goti: wiki za mwanzo mgonjwa anajiona afadhali kwenye karatasi, huku kasi na ngazi vikiwa vibaya kuliko kabla ya upasuaji. Kwa huyu wako, mwendo na maumivu vimesogea, nguvu ya kuinuka bado. Ningeangalia kama mazoezi yake yalikuwa na mzigo wa kutosha au alikuwa ananyoosha tu.

Ukitumia inuka-tembea-keti au dakika 6, kumbuka kwa wagonjwa waliokuwa wakisubiri kubadilishiwa nyonga au goti badiliko dogo linaloaminika lilikuwa karibu sekunde 2.5 na mita 61. Dakika 6 pia inataka njia ndefu, kawaida mita 30. Kwenye 17 atageuka mno na umbali utapungua. Usilinganishe na namba za vitabu.

Hata viwango vya umri vya kiti (mwanamke wa miaka 60 hadi 64 chini ya 12, mwanamume chini ya 14 ni hafifu) vimetoka Marekani. Mlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe.

---

Gegedu

Kabla ya yote hayo, presha na mapigo. Kwa dakika 6, mwongozo wa 2002 wa ATS, chama cha Marekani cha magonjwa ya kifua, unataka tahadhari mapigo ya kupumzika yakizidi 120 au presha ikizidi 180 juu au 100 chini. Aliyepata shambulio la moyo ndani ya mwezi mmoja asifanye. Mimi ningetumia kizuizi hicho hicho kwa ngazi.

Uliza maumivu 0 hadi 10 kabla na baada ya kila jaribio, na uandike saa aliyomeza dawa. Aliyemeza diklofenaki ya maumivu asubuhi leo, na wiki ya 12 akaja bila dawa, ataonekana ameharibika. Saa ya siku nayo: goti la osteoathritisi hukakamaa asubuhi kwa muda mfupi, kwa hiyo usimpime mara ya kwanza saa mbili asubuhi kisha mara ya pili saa tisa mchana. Mpangilio usibadilike: kiti, apumzike, mita 40.

---

Veranda_WestNile

La mwisho, jamani. Mtu ameshindwa bila mikono mara ya kwanza, akashika mapaja akapata 6. Wiki ya 12 anainuka bila mikono mara 4. Ripoti itasema ameshuka kutoka 6 hadi 4?

---

Takwimu_Jinja

Hapana. Safu mbili kwenye fomu. Safu ya kawaida: 0, kisha 4. Safu ya jaribio lililorekebishwa: 6, na wiki ya 12 iachwe wazi kwa sababu hakuihitaji. Kinachoripotiwa ni 0 hadi 4.